Mjue Kwanza, Ndipo Umtunze: Hotuba kwa Walezi wa Wazee, Mbeya

Hotuba hii niliitoa Mbeya mjini mbele ya watumishi wa makazi ya wazee, maofisa ustawi wa jamii, wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii na ndugu wanaouguza wazee majumbani. Waliokosa nafasi ya kufika waliomba waipate nzima, nami naiweka hapa kama ilivyosemwa.

Wazee wangu mliokaa hapa mbele, shikamooni. Ndugu zangu wote, habari za asubuhi. Mugonile. Kamwene. Bwana asifiwe, na ndugu zangu Waislamu, asalaam aleikum.

Nimeuguza wazee kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, hapa Mbeya na kwa majirani zetu wa Njombe na Iringa. Nimekuja kusema jambo moja, na nitalisema kwa njia nyingi mpaka liwaingie. Huwezi kumtunza vizuri mtu usiyemjua. Nalirudia: huwezi kumtunza vizuri mtu usiyemjua.

Lakini kwanza nina swali. Wangapi hapa ndani wana mama, baba, bibi, babu au jirani anayeuliza jambo lilelile mara kumi ndani ya saa moja? Anayeficha pesa kisha anamwita mjukuu mwizi? Anayetoka kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake akisema anataka kwenda nyumbani? Inueni mikono. Juu, tuonane. Haya, geukeni muwaone wenzenu. Kumbe hauko peke yako, mama.

Tunazungumzia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambao madaktari wanauita demensia. Ni ugonjwa wa ubongo. Aina yake inayojulikana zaidi imepewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeieleza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na magonjwa ya aina hii, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Wale wanaodhani ni ugonjwa wa Wazungu, sikilizeni: watafiti walizunguka vijiji vya Wilaya ya Hai, kule Kilimanjaro, wakawapima wazee wa miaka 70 na kuendelea, wakakuta kwamba 6 hivi katika kila 100 wanaugua. Hai ni vijijini, migombani, kama Tukuyu.

Na sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 2.5 wenye miaka 60 na kuendelea. Tangu hapo hatujapungua.

Sasa, kwa nini hatuwaoni? Kwa sababu tumewapa majina mengine. Tunasema amezeeka tu. Tunasema amerogwa. Na mbaya kuliko yote, tunasema yeye ndiye mchawi. Bibi amekutwa saa nane za usiku uwanjani kwa watu, kanga imemdondoka, hajui alivyofika, anajibu maneno yasiyoeleweka. Kesho yake kijiji kizima kinasema tumemkamata mwanga. Ndugu zangu, sitapaka rangi hapa. Katika nchi hii wazee wameuawa kwa tuhuma za aina hiyo. Bibi yule si mwanga. Ni mgonjwa aliyeamka gizani akatafuta choo, akafungua mlango usio wenyewe. Viongozi wa mitaa mliopo hapa, siku mkiitwa usiku kwa habari ya namna hiyo, kazi yenu ya kwanza ni kumfunika yule bibi na kumpeleka kwake. Maneno mengine yasubiri asubuhi.

Niendelee. Ugonjwa huu una tabia moja ambayo kila mlezi anapaswa kuijua. Unaanza kula yaliyo mapya, ya zamani yanabaki kwa muda mrefu. Mzee amesahau kwamba amekunywa chai sasa hivi, lakini anakumbuka kila kitu cha utotoni. Nilimuuguza mzee mmoja wa Kihehe ambaye hakuweza kutaja majina ya watoto wake. Lakini ukimuuliza habari za mwaka 1954, siku fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, liliporudishwa Kalenga, alikueleza umati ulivyokuwa, alikosimama na baba yake, na jinsi alivyobebwa mabegani ili aone. Mwili wake ulikaa kwetu, yeye mwenyewe alikuwa Kalenga. Ukimfuata huko, mnaongea. Ukimvuta kwa nguvu aje kwenye leo yako, mnagombana mpaka jioni.

Hapo ndipo ninapoanzia hoja yangu kubwa: karibu kila tabia tunayoiita ukorofi ina sababu, na sababu hiyo mara nyingi iko kwenye maisha ya mtu au kwenye maumivu ya mwili wake.

Kulikuwa na mzee katika nyumba moja ya wazee, sitaitaja. Kila siku saa kumi alfajiri anaamka, anavaa koti, anakwenda mlangoni. Mlango umefungwa. Anagonga. Hafunguliwi. Anagonga kwa mateke, anatukana, anaamsha watu wote. Wahudumu wa zamu wako wawili, wamechoka, wanamshika mikono na miguu, anachomwa sindano ya kutuliza. Anashinda amelala, udenda unamtoka, hali chakula. Kesho yake saa kumi, yaleyale. Kwenye daftari la zamu ameandikwa: mkali, mtoro, anapiga wahudumu.

Akaja dada mmoja mgeni kazini, binti wa Makambako. Siku mtoto wa yule mzee alipokuja kumsalimia baba yake, binti huyu akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: mzee alikuwa anafanya kazi gani? Mtoto akajibu, baba alikuwa fundi wa njia, TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Alianza kama kibarua wakati reli inajengwa, miaka ya 1970, kipande kile kigumu cha Mlimba kuja Makambako chenye mahandaki na madaraja. Reli ilipokamilika akabaki kwenye matengenezo. Kila alfajiri, kabla treni haijapita, alitembea na spana na nyundo akikagua reli.

Mmeelewa? Yule mzee hakuwa anatoroka. Alikuwa anakwenda kazini. Treni inakuja, kuna abiria ndani yake, na watu wasiomwelewa wamemfungia mlango! Wewe ungefanya nini? Ungelala?

Binti akazungumza na mkuu wa kituo. Wakamtafutia mzee koti zito na kofia ya sufu, maana mnaijua baridi ya Juni huku kwetu, na saa kumi na mbili, kukianza kupambazuka, akawa anatembea naye kando ya uzio. Nilikwenda kuona kwa macho yangu. Mzee anafika kwenye nguzo ya uzio, anainama, anaigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Akiridhika anatikisa kichwa, anakwenda ya pili. Kulikuwa na nguzo moja iliyolegea. Aliisimamia muda mrefu, akaitikisa, akamtazama binti, akasema, "Hii iandike." Binti akaandika. Mzunguko ukiisha mzee anaingia ndani, anavua kofia, anakunywa uji wa ulezi bakuli zima, ananyamaza kwa amani mpaka mchana. Sindano zikaachwa. Mateke yakaisha.

Gharama yake ilikuwa nini? Koti, kofia, kalamu, na swali moja kwa mtoto wake.

Sisemi kila jambo litaisha kwa kutembea kando ya uzio. Kuna siku sababu iko mwilini. Mzee ambaye jana alikuwa mtulivu, leo amechanganyikiwa ghafla, anaona watu wasiokuwepo, anapiga kelele. Usiseme ugonjwa umepanda. Tafuta. Je, ana homa? Mkojo wake ukoje, ana maambukizi ya njia ya mkojo? Mapafu? Amefunga choo tangu lini? Amekunywa maji? Ana jino bovu? Nimemwona baba mmoja kule Mafinga aliyesusa chakula wiki nzima, ndugu wakaanza kuitana kwa ajili ya mazishi, na kumbe ni jino limeoza mpaka kwenye fizi. Hakuweza kusema linauma. Alichoweza ni kufunga mdomo. Mgonjwa aliyepoteza maneno anasema kwa mwili, na sisi tuliofundishwa kupima presha na sukari tujifunze pia kusoma uso, mkono unaoshika tumbo, mguu usiotaka kukanyaga.

Nizungumzie dawa, na hapa wauguzi wenzangu mnisikilize kwa makini. Sindano na vidonge vya kutuliza, vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa akili wanaosikia sauti, vimegeuzwa kuwa mhudumu wa zamu ya usiku. Mzee anasumbua, apewe. Anatembea, apewe. Analia, apewe.

Marekani, mwaka 2005, mamlaka yao ya chakula na dawa ilitoa onyo zito kwamba dawa mpya za kundi hili zinaongeza vifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mwaka 2008 onyo likapanuliwa hadi kwenye dawa za zamani, haloperidoli ikiwemo. Uingereza, mwaka 2009, ripoti ya Profesa Sube Banerjee iliyoandikwa kwa ajili ya wizara yao ya afya ilikadiria kwamba wagonjwa wa demensia 180,000 hivi walikuwa wakipewa dawa hizo kwa mwaka. Waliopata nafuu? Wasiozidi 36,000. Vifo vya ziada? 1,800 kila mwaka. Na hizi ni nchi zenye madaktari bingwa wa wazee, zenye wakaguzi, zenye bajeti. Kama wao waliwalaza wazee wao mpaka wakafa, sisi tusio na mkaguzi wa kuhesabu tumewalaza wangapi?

Sisemi dawa hizi zisitumike kamwe. Yuko mgonjwa anayeteseka kwa hofu kali, anayeweza kujidhuru au kumdhuru mwenzake, na daktari baada ya kumpima akaona inafaa, kwa dozi ndogo, kwa muda mfupi, huku akifuatiliwa. Sawa. Ninachokataa ni dawa inayotolewa ili mhudumu apumzike. Na kamba vilevile. Nimeona mzee amefungwa kwenye kiti kwa kitenge, fundo liko nyuma asikolifikia, na chini yake pampasi haijabadilishwa tangu asubuhi. Aliyemfunga hakuwa mkatili. Alikuwa na wazee wengine kumi na tano na mikono miwili. Lakini yule aliyefungwa hajui hesabu hiyo. Anachojua ni kwamba amefungwa, na hajui kosa lake.

Marekani walitunga sheria mwaka 1987 inayompa mkazi wa nyumba ya wazee haki ya kutofungwa, kwa kamba wala kwa dawa, kwa ajili ya adhabu au urahisi wa wahudumu. Neno "urahisi" wameliandika ndani ya sheria. Walijua tatizo liko wapi.

Ndugu zangu, sasa niwapeleke bafuni, maana ubora wa nyumba ya wazee unaonekana bafuni kuliko ofisini.

Bibi mmoja wa Rungwe. Mpole, anaimba nyimbo za Kimoraviani kwa Kinyakyusa mchana kutwa, beti zote, ingawa jina lake halikumbuki. Lakini siku ya kuogeshwa anageuka simba. Anang'ata, anakwaruza, anapiga yowe la mtu anayeuawa. Nikaenda kutazama. Wanaomwogesha ni kijana wa kiume na dada mmoja. Mlango wa bafu hauna pazia. Wanamvua nguo zote kwa mara moja, anasimama uchi kwenye sakafu ya saruji, saa moja asubuhi, mwezi wa saba. Kisha maji yanamwagwa kichwani kwa kopo.

Wanyakyusa mliopo humu, niwaulize. Mwanamke wa Kinyakyusa aliyeolewa zamani, aliyeishi maisha yake yote akimkwepa baba mkwe, akipishana naye njiani anaingia majanini, asitazamane naye, asikae naye nyumba moja. Heshima hiyo aliishika tangu akiwa bibi harusi. Leo mumvue nguo mbele ya mwanamume mgeni, halafu mshangae kwamba anapiga yowe? Ubongo umesahau mengi, heshima ile haijasahau. Alikuwa anaitetea kwa meno, kwa sababu meno ndiyo aliyobakiwa nayo.

Tulibadilisha namna ya kuogesha. Wanawake tu. Pazia. Jiko la mkaa linawashwa mapema, bafu linapata joto, kisha jiko linatolewa nje ndipo mtu aingie, maana moshi wa mkaa unaua. Maji yanapimwa kwa kiwiko. Bibi anakaa kwenye kigoda, amejifunga kanga, na kanga haiondoki mwilini mpaka mwisho. Unaanza na miguu. Unamwambia kila unachotaka kufanya kabla ya kukifanya: bibi, sasa naosha mguu, sasa huu mwingine. Unampa kitambaa chake cha sabuni, ajisugue mkono mwenyewe. Unaingiza mkono chini ya kanga, unaosha bila kumfunua. Kichwa kinaoshwa siku nyingine, kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, bila kumwagia. Na dada mmoja anaanzisha wimbo.

Siku ya kwanza alilia kidogo. Baada ya wiki chache alikuwa anaitikia wimbo bafuni. Muda? Ule wa zamani ulichukua dakika ishirini za vita na mhudumu mmoja kwenda kufungwa bandeji. Mpya ulichukua dakika thelathini. Wanaosema hatuna muda wa kufanya hivi, nauliza, dakika kumi?

Kuhusu chakula nitapita haraka. Mpe kile alichokula maisha yake yote. Mtu wa Kyela hatashiba kwa makande kila siku, na mama wa Kilolo anataka ugali wake. Kaa chini, usilishe umesimama. Usichanganye kila kitu kwenye bakuli moja kama unayelisha kifaranga. Ngoja ameze. Maji mpe kidogokidogo mchana kutwa, kwa sababu hatakuomba.

Na lugha. Wagonjwa wengi ugonjwa unapozidi wanarudi kwenye lugha ya mama. Nimemwona bibi wa Kibena aliyeandikwa kwamba haongei kabisa. Siku moja kijana aliyeleta kuni akampita akamwambia, "Kamwene." Bibi akaitikia, akamshika mkono, akaanza kumsimulia mambo hata kijana akachelewa na punda wake. Miezi yote ile alikuwa ananyamaza kwa sababu hakuna aliyemsemesha akaelewa.

Sasa jambo gumu zaidi, ambalo walezi wananiuliza kila mahali. Mgonjwa akimtafuta aliyekufa, tumwambie nini?

Nyanda zetu hizi mnazijua historia yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 hadi 2017 ulikuta maambukizi ya Virusi vya Ukimwi kwa watu wazima wa Njombe ni asilimia 11.4, na Iringa na Mbeya zilifuatia kwa karibu. Kabla ya dawa za kufubaza kufika, katika vijiji vya Makete na kwingine, mabibi walizika watoto wao, wakabaki na wajukuu. Walianza kulea upya wakiwa na miaka sitini. Walilima viazi, walipika pombe wauze, walishona sare za shule zilizochanika. Kizazi kizima cha vijana wetu kimekula mikononi mwa mabibi hao. Wengine mko humu ndani, mmevaa tai.

Mabibi hao ndio wanaougua sasa.

Mmoja nilimjua vizuri. Kila jioni jua likishuka anaanza kuhangaika. Anazunguka chumba, anafungua makabati, anauliza, "Watoto wamekula?" Mwanzo wahudumu walimsahihisha. Bibi, watoto wako walishakufa zamani. Na kila walipomwambia, alisikia kwa mara ya kwanza. Alikaa chini, akaweka mikono kichwani, akaomboleza kama msiba uko mlangoni. Baada ya dakika kumi amesahau habari, lakini uchungu umebaki, analia bila kujua anachokililia. Kesho jioni, tena. Mwanamke aliyezika watoto mara moja, sisi tulimzikisha kila siku.

Wako watu wa dini hapa, nao watasema kudanganya ni dhambi. Nawaheshimu, na nimewaza sana juu ya hili. Mimi nasema hivi: swali lake si swali la habari. Hakuulizi orodha ya waliohai. Anakuambia kwamba ana hofu, kwamba kuna mtoto ana njaa na yeye ndiye mwenye jukumu. Lijibu hilo. Mhudumu mmoja alijifunza kumwambia, "Bibi, hapa hakuna mtoto mwenye njaa. Wewe umelisha wengi sana. Uliwapikia nini?" Hakuna uongo hapo hata chembe. Bibi anaanza kueleza habari za viazi na maharage, na mkono wake unakoroga sufuria isiyokuwepo. Wakaanza kumpa maharage mabichi ayachambue jioni, kwenye ungo. Alichambua kwa uangalifu, mawe upande huu, mabovu upande ule, na akimaliza alisema wapeni watoto. Waliyapika kweli, wakayala kweli, wazee wote wa nyumba ile.

Namna hii ya kutunza ina watu walioifikiria kwa miaka. Tom Kitwood wa Chuo Kikuu cha Bradford, Uingereza, yeye na wenzake waliingia kwenye nyumba za wazee, wakakaa sebuleni, na kila baada ya dakika tano wakaandika: huyu mtu anafanya nini sasa, ana furaha au huzuni, nani amemsemesha? Waliona jinsi mtu anavyobomolewa na mambo madogo: kuzungumzwa juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo, kuharakishwa, kuitwa kama mtoto mdogo, kuchekwa, kupuuzwa. Na Kitwood akasema wanaofanya hivyo kwa kawaida si watu wabaya. Fanyeni hivyo hapa kwetu. Mkuu wa kituo, kaa sebuleni saa moja tu na daftari. Utamwona mzee ambaye kwa saa nzima hakuna aliyemtazama. Uholanzi, mji wa Weesp, walifungua mwaka 2009 kijiji kizima, De Hogeweyk, wagonjwa wanaishi wachache wachache nyumba moja, kuna duka na bustani. Sisi hatuna fedha hizo. Lakini kuishi wachache katika nyumba moja, jikoni kukiwa wazi, shamba likiwa karibu? Hicho kijiji tunacho tayari. Tumekiacha tu tukaanza kujenga mabweni.

Na tusidhani kila zuri liko ng'ambo. Watafiti walichukua vikao 14 vya kuchangamsha akili vilivyobuniwa Uingereza, wakavigeuza vifae kwa wazee wa Hai, kwa Kiswahili, kwa nyimbo na vitu vya pale, na wazee waliohudhuria wakapata nafuu katika uwezo wa kufikiri. Wazee wanakaa duara, wanataja mazao, wanashika mbegu, wanaimba. Hapo hakuna kifaa cha kuagiza nje.

Nisiwaonee wahudumu. Yule binti wa Makambako analipwa kidogo kuliko muuza chipsi wa Mwanjelwa. Hajapata mafunzo hata ya siku moja kuhusu ugonjwa huu. Akianza kuwajua wazee, anahamishwa au anaacha kazi. Kila anapoondoka mtu aliyewajua, wazee wanaanza upya na mgeni. Wenye vituo, serikali na makanisa, mkiwa na fedha ya kuchagua kati ya kupaka rangi jengo na kumwongezea mshahara mhudumu aliyekaa miaka mitatu, jengo lisubiri. Nasema tena, jengo lisubiri.

Na tuseme ukweli kuhusu wapi wazee wetu wanauguzwa. Serikali ina makazi yake, Nunge pale Kigamboni, Fungafunga Morogoro, Kolandoto Shinyanga na mengine, na yalikusudiwa wazee wasio na ndugu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiachia familia mzigo mkubwa. Kwa hiyo makazi makubwa kuliko yote ya wagonjwa hawa ni chumba cha nyuma cha nyumba zetu, Uyole, Ilomba, Soweto. Na mhudumu wake ni dada wa kazi wa miaka kumi na sita aliyeletwa kufua na kupika, akaambiwa, "Na bibi umwangalie." Anaachwa naye kutwa. Bibi anamwita mwizi, anamrushia kikombe, anajisaidia sebuleni. Dada yule analia jikoni. Watoto wa bibi wako Dar es Salaam, wanatuma fedha, wanapiga simu wanauliza mama hajambo? Nyinyi wenye fedha, nendeni mkae na mama yenu wiki moja bila dada. Mkirudi mtajua cha kumlipa, na mtajua kwamba anahitaji siku ya kupumzika na mtu wa kumpokea.

Anayepeleka mzazi kwenye kituo, asione aibu. Yuko binti aliyeuguza mama mpaka mgongo wake mwenyewe ukaharibika. Lakini nenda ukague kwanza. Usiende siku ya wageni. Nenda saa ya chakula. Tazama kucha za wazee. Tazama visigino na makalio kama kuna vidonda vya kulalia. Sikiliza wahudumu wanawaitaje: mzee, bibi, baba, au wewe? Kisha mwonyeshe mhudumu mzee yeyote, umuulize: huyu alikuwa nani? Kama anakujibu, alikuwa mwalimu Tukuyu, anapenda chai bila sukari, akikasirika mwimbie, mwache mzazi wako hapo. Kama anakujibu, huyo ni kitanda namba saba, shika mkono wa mama yako mrudi.

Na ukimwacha, usipotee. Mzee asiyetembelewa huhudumiwa mwisho.

Nimemaliza maneno yangu, imebaki kazi. Mama aliyesimama mlangoni ana karatasi, ukurasa mmoja kila moja. Kila mmoja achukue kwa ajili ya mzee anayemtunza. Juu andika jina analopenda kuitwa. Halafu: alizaliwa wapi, anaongea lugha gani, alifanya kazi gani na aliamka saa ngapi, nani amemzika, nini kinamtisha, anapenda kuoga saa ngapi na anaogeshwa na nani, wimbo gani anaujua, chai yake ikoje. Usipojua jibu, acha nafasi, jioni mpigie simu shangazi au mjomba umuulize kabla nao hawajaondoka. Ibandikeni karatasi hiyo ukutani, karibu na kitanda, mahali ambapo mtu wa zamu ya usiku ataiona. Wenye macho mazuri wawasaidie wazee kuandika. Kalamu zipo za kutosha. Chai italetwa hapahapa, kwa hiyo msitoke, tuanze.